Miaka ya Wamucii Wawili

Pale Sagana, walipokuwa wakisubiri basi la Nyeri, mwenye hoteli alitoka na kiti cha mbao akakiweka kivulini.

"Karibu ukae, shosho," alimwambia Wamucii. Kisha akamgeukia Gathoni. "Na wewe mama, shikilia mzazi wako vizuri, hapa kuna mawe."

Gathoni alisema asante. Alimshika Wamucii mkono, akamkalisha, akamfunika magoti kwa shuka. Hakumwambia yule bwana kwamba huyo shosho, huyo bibi kizee anayemwona, ni mtoto wake wa kumzaa, aliyezaliwa mwaka wa arobaini na tano, vita vya Wazungu vilipokwisha, na kwamba Julai hii ya sabini na sita ana miaka thelathini na mmoja. Zamani alikuwa akieleza. Alieleza kanisani, alieleza sokoni, alieleza hata kwa watu wasiomuuliza, mpaka akagundua kwamba watu wakishaelezwa hawaondoki. Husimama wakatazama vizuri zaidi. Siku hizi alisema asante, basi.

"Ameniongezea miaka hamsini," Wamucii alisema kwa ile sauti yake nyembamba, "na hata chai hajaniletea."

"Nyamaza, maitu."

Kwa Kikuyu maitu ni mama yangu, na si ajabu mama kumwita bintiye hivyo. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Watiri, wa kwanza, alikuwa ameolewa Karatina. Huyu wa pili alichukua jina la mama yake Gathoni, naye Gathoni akamwita mama tangu siku aliyompakata, kwa utani na kwa heshima. Yule ajuza mwenyewe alimwita "mimi mdogo". Ndivyo wanavyofanya watu wa kule, na kwa kawaida hakuna anayedhurika.

Nywele ndizo zilizotangulia. Wamucii alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu, zikaanza kuwa nyeupe. Akacheka, akapaka dawa nyeusi, akaenda kufundisha. Kisha sauti ikapungua. Kisha ngozi ya uso ikakaza, pua ikachongoka, mikono na miguu ikakonda. Muriithi, mwalimu mwenzake aliyekuwa akija na mkate kila Jumapili, akaanza kuja mara moja kwa mwezi, kisha Krismasi, kisha wakasikia ameoa Murang'a. Watoto wa darasa la tatu walianza kumwita cucu, yaani nyanya, wala hawakuwa na ubaya wowote, waliita walichokiona. Alipofika thelathini macho yakaingia ukungu, kidonda kikatokea kifundoni kikakataa kupona, na mwalimu mkuu akamwomba apumzike nyumbani.

Gathoni aliyaona yote yakija, moja baada ya jingine. La kwanza lilimliza. La pili lilimliza. Kufikia la tano alikuwa anachuma chai, anarudi, anaosha kidonda, analala. Ndani yake palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hakujisumbua kuunyoosha kwa sababu alijua maumivu ya ganzi inapotoka.

Huko Nyeri, katika hospitali kubwa, walionwa na daktari Ireri, mtu wa Embu, mfupi, aliyesoma ng'ambo. Alikuwa na tabia ambayo Gathoni hakuwahi kuiona kwa daktari: alivuta kiti akaketi. Alimuuliza Wamucii mwenyewe mwaka wake wa kuzaliwa, akauandika, hakupepesa macho. Alipapasa ngozi ya mikono, akachungulia macho, akafungua kitambaa cha kidonda. Kisha akamtazama Gathoni.

"Mama, nyinyi mnalima chai, sio?"

"Tunalima."

"Jani likipondeka kwa kikapu, linakuwa aje?"

"Linageuka kahawia. Karani wa kituo analikataa."

"Nani amelipaka hiyo rangi?"

Gathoni alifikiri. Miaka kumi na miwili ya chai, hakuna aliyewahi kumuuliza. "Si ni hewa?"

"Ni hewa. Hii hewa tunavuta inatupatia nguvu, lakini inachoma pia. Ndani ya mwili tuko na vyumba vidogo sana, vinaitwa seli, na kila chumba kiko na moto wake wa kupikia. Moto hutoa cheche. Watu wengi wako na askari wa kuzima hizo cheche, saa yote. Lakini zingine zinaponyoka, zinachoma hapa kidogo, pale kidogo, na baada ya miaka sabini unaona mzee. Hivyo ndivyo wengine wetu tunafikiria. Kuna wengine wanabisha, na hawajamaliza kubishana. Kwa huyu dada yangu, ama cheche ni nyingi ama askari ni wachache. Hatujui ni gani."

"Nani alimfanyia?"

"Hakuna mtu alimfanyia, mama. Amezaliwa nayo. Inajificha kwa damu ya baba na damu ya mama, inatoka hata kwa babu na nyanya, inapita kimya bila kugusa mtu, mpaka siku ile damu hizo mbili zinakutana kwa mtoto mmoja."

"Dawa?" Wamucii aliuliza.

"Macho nitakurudishia. Kidonda tutapigana nacho. Hii nyingine sina dawa yake, na hata ng'ambo hawana."

"Niko na miaka mingapi?"

Daktari alifunga faili. "Wengi hawafiki hamsini."

"Nilifikiri utasema Krismasi," alisema Wamucii.

Gathoni aliyasikia maneno yote, akayashika moja moja, wala hakuna lililomchoma. Aliwaza kwamba aliacha nguo kwenye kamba, na kwamba huenda mvua imenyesha huko kwao Kangari. Baadaye alijiuliza ni mama wa namna gani anayewaza nguo saa kama ile, lakini hata swali hilo lilipita bila kumgusa.

Walikaa Nyeri wiki tatu. Macho yalipasuliwa, moja kisha la pili, na Wamucii akapewa miwani yenye vioo vinene kama kitako cha chupa. Asubuhi alipoivaa mara ya kwanza alimtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe bado ni msichana," alisema.

Sasa tumseme Wachuka. Wachuka alikuwa dada mkubwa wa Hezekiah, mume wa Gathoni, na Mungu amsamehe, maana sisi tulishindwa. Hakuwa mwovu. Alikuwa mtu asiyeweza kuacha kimya kikae peke yake. Siku moja, Gathoni akiwa bado Nyeri, wanawake walikuwa wamekaa kwenye kituo cha chai na vikapu vyao, wakingojea lori, na lori limechelewa. Njiani akapita Wamucii mkubwa, mama yake Gathoni, miaka themanini na kitu, mzigo wa kuni mgongoni, anatafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe.

"Tazameni mambo," alisema Wachuka. "Huyu anatafuna, na yule wa hospitali anatafunwa. Jina ni moja, bakuli ni moja, vijiko ni viwili. Mmoja akila haraka, mwingine ataonja nini?"

Mila haisemi hivyo. Mila husema tu kwamba mtoto hulibeba jina ili mzee asipotee. Hakuna mtu Kangari nzima aliyewahi kusikia habari za bakuli na vijiko. Ilikuwa mali ya Wachuka, aliishona palepale kituoni kwa viraka vya mila anavyovijua nusunusu, ili lori lisionekane limechelewa sana. Ulimi hauna mfupa. Wanawake waliguna, wakacheka kidogo, lori likaja.

Bahati mbaya, meno siyo pekee yaliyokuwa mazima kwa yule ajuza. Masikio pia.

Gathoni alikuwa na siku mbili tu nyumbani alipokuja ndugu yake Mutahi kutoka ng'ambo ya bonde, huko ajuza alikokuwa na kibanda chake. Alikataa kuketi.

"Mama ameacha kula. Tangu Jumapili ni maji tu. Mke wangu anapika, mama anarudisha sahani ikiwa imejaa."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ati anarudisha."

"Anarudisha nini?"

Mutahi aliona aibu kulisema. "Miaka. Ati amekula ya huyu mtoto. Alimsikia Wachuka akisema hivyo kituoni."

Gathoni alivuka mto alasiri hiyo. Alimkuta mama yake kitandani, ameoga, amejifunga kitambaa safi, ametulia kama mtu anayengojea basi la saa sita. Uso ulikuwa umeanza kuingia ndani.

"Usinililie," alisema ajuza, ingawa Gathoni hakuwa analia. "Sijiui. Kanisa linakataza mtu kujiua. Mimi nimeacha kula, basi. Nilikuwa nashangaa, Gathoni, kila mwaka nashangaa, kwa nini magoti yangu hayaumi. Watu wa rika langu wote wako kaburini na mimi nabeba kuni. Sasa najua nilikuwa natumia nguvu za nani."

"Ni maneno ya Wachuka hayo, maitu. Wachuka hajui hata siku aliyozaliwa."

"Yeye alisema tu. Mungu hutumia mdomo ulio karibu."

Hapo ndipo Gathoni alipokosea. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini si kila siku Mungu hulipa papo hapo. Alikaa chini akamweleza mama yake kila kitu, kama alivyoelezwa yeye: jani na kikapu, vyumba na moto, cheche na askari. Ajuza alisikiliza kwa makini, akaitikia kila mahali panapofaa. Alikuwa amepika kwa moto wa kuni maisha yake yote na mambo ya cheche aliyajua. Gathoni akaona anafaulu. Akaendelea, akasema na lile la mwisho, kwamba ugonjwa hujificha katika damu, kwamba hutoka hata kwa babu na nyanya.

"Kwa nyanya," alisema ajuza.

"Wa upande wowote, maitu. Ni lazima pande mbili."

"Lakini upande mmoja ni wangu."

"Daktari hakusema ni wewe."

"Amesema nyanya. Yuko na dawa?"

"Ya macho. Na ya kidonda."

"Ya kuzeeka?"

"Hana."

"Basi hiyo ni yangu kutafuta," alisema ajuza, akageukia ukutani.

Walijaribu yote. Hezekiah, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikwenda na Biblia akaomba kwa nusu saa. Ajuza akasema amina kwa sauti kuliko wote, na sahani ikarudi imejaa. Wachuka alifuatwa shambani akaletwa, akalia, akaapa kwamba alikuwa anapiga domo tu. Alikuja na kuku wa kuchemsha, maskini, akarudi naye. Siku ya saba Mutahi alitaka wamshike mdomo wamnyweshe kwa nguvu, kisha akaona aibu ya mawazo yake.

Na hapa kuna jambo la kusemwa wazi, hata kama halipendezi. Jioni ile ya siku ya saba, akivuka mto kurudi kwake, Gathoni alisimama juu ya mawe akajichunguza moyoni. Aliuliza kama kuna mahali popote ndani yake panapotamani mama yake asile, ili ijulikane kama Wachuka alisema kweli. Palikuwapo. Hapakuwa pakubwa. Mtoto mmoja kwa mzee mmoja, ni nani asingepima? Alipaona, hakushtuka, akaendelea na safari. Tangu zamani hakuwa amehisi kitu kwa uwazi namna hiyo, na akatamani ganzi irudi.

Wamucii mdogo hakuwa ameambiwa. Aliambiwa kwamba cucu ana homa. Lakini kilio cha Wachuka hakikuwa kitu cha kufichika, na asubuhi ya siku ya tisa Gathoni alimkuta mlangoni na miwani, fimbo, na viatu vya kanisani.

"Chota uji," alisema. "Tunaenda."

"Na huo mguu?"

"Mguu ni wangu. Wewe beba uji."

Mwendo wa nusu saa uliwachukua asubuhi nzima. Kushuka, Wamucii alishika bega la mama yake. Kupanda, alishika majani. Kitambaa cha kifundoni kiligeuka chekundu kabla ya mto, na hakuna kati yao aliyekitaja. Gathoni alikuwa amefunga kibuyu cha uji wa wimbi kwa shuka kisipoe, na aliubeba kwa uangalifu, kwa sababu hilo lilikuwa jambo aliloliweza.

Kibandani ajuza alikuwa amekuwa mdogo sana. Wamucii alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mgeni angeingia saa ile angeona vikongwe wawili, na angemsalimu kwanza yule aliyezaliwa mwisho.

"Cucu, nasikia unanipatia miaka."

"Sikupatii. Ninarudisha. Ni yako."

"Ni mingapi?"

"Yote niko nayo. Themanini na kitu."

"Na mimi nitaiweka wapi?"

Ajuza alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Niangalie, cucu. Niangalie vizuri, mimi nimelipa macho ili nikuone. Mimi nimekosa miaka? Mimi imenizidi! Niko na thelathini na moja ya kuzaliwa, na hii mingine hata sijui nani alinibebesha. Kichwa iko nayo, miguu iko nayo. Sasa wewe unataka kufa unimwagie themanini ingine juu ya hii. Nitafika jioni?"

Kuku mmoja wa Mutahi aliingia, akatazama, akatoka.

"Hiyo ni akili ya ualimu," alisema ajuza hatimaye.

"Ni akili ya daktari. Muulize maitu. Alisema kama kuna mwenye jina langu, huyo akae, asiende, ashikilie miaka yake na mikono miwili. Akiiachilia, itatafuta njia ya kuja kwangu. Alisema akule vizuri kabisa."

Gathoni alikuwa amesimama na kibuyu. Alihisi macho yote manne yakimgeukia, mawili ya ukungu wa njaa, mawili makubwa nyuma ya vioo.

"Gathoni," alisema mama yake. "Daktari alisema hivyo? Juzi uliniambia mambo yote na hiyo hukusema."

Katika maisha yake yote Gathoni alikuwa amemdanganya mama yake mara moja tu, kuhusu sufuria iliyotoboka, na alikiri kabla ya jua kutua. Sasa alijua kwamba ukweli ndio uliomlaza yule mama pale. Alijua pia kwamba akinyamaza, kunyamaza kwake kutakuwa jibu. Alikumbuka mahali pale moyoni alipopaona akiwa juu ya mawe.

"Alisema, maitu," alijibu. "Nilisahau."

Ajuza alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao mtu angeweza kumenya viazi vya watu wawili. Kisha akauliza, "Hiyo ni uji ya nini?"

"Ya wimbi."

"Lete."

Wamucii ndiye aliyemshikia kibuyu. Alimnywesha kidogo kidogo, akipangusa kidevu kwa upindo wa shuka, na walipofika nusu ajuza alisukuma mkono wake akakishika kibuyu mwenyewe. Mke wa Mutahi, aliyekuwa akichungulia dirishani, alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo.

Wakati wa kurudi walipumzika mtoni, na Gathoni akakiosha kile kidonda kwa maji baridi.

"Usiniangalie hivyo," alisema Wamucii. "Umedanganya vizuri."

"Na kama Wachuka alisema kweli...?"

"Hakuna kama. Nilikuwa hapo, maitu. Nilimsikia daktari kama wewe." Alikunja vidole vya mguu majini. "Mimi nikienda, sitaki mtu aende na mimi. Hata mmoja."

Gathoni alitafuta furaha ndani yake, kwa kuwa siku ilistahili furaha. Alipata uchovu tu, akashukuru kwa huo.

Hivyo ajuza akala. Alikula kwa bidii ya mtu aliyepewa kazi. Ndani ya mwezi alirudi kubeba kuni, na akipita kituo cha chai wanawake walisimama kumsalimu, na Wachuka aliangalia ndani ya kikapu chake. Wamucii mdogo alikaa nyumbani, akawasomea majirani barua za watoto wao, akawafundisha wanawake watatu kuandika majina yao. Mwaka mmoja ulikuja na sukari kwenye damu. Mwingine ulikuja na kidonda cha pili. Daktari Ireri alimwona kila baada ya miezi minne, na kila mara alivuta kiti.

Wamucii mdogo alikufa Aprili ya mwaka wa themanini, asubuhi, moyo. Aliomba chai, Gathoni akaenda jikoni, na aliporudi na kikombe alikuwa amekwisha. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwenye kaburi vijana waliobeba jeneza walinong'ona kwamba huyu mzee ni mwepesi. Gathoni aliwasikia. Hakuwaeleza kitu. Alisimama wima, akaimba nyimbo zote mpaka ubeti wa mwisho, akapokea pole za watu kwa mkono mkavu. Wamucii mkubwa alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, bila kushikwa na mtu.

Baadaye, watu wakila uani, ajuza alimfuata Gathoni jikoni. Aliketi kwenye kigoda karibu na masufuria makubwa yaliyoazimwa kanisani, na kwa muda walisikiliza vijiko vya watu.

"Siku ile ya uji," alisema. "Daktari hakusema yale maneno."

Miaka minne Gathoni alikuwa amelibeba jibu lake. Sasa hapakuwa na mtu wa kulindwa nalo.

"Hakusema."

"Najua. Nilijua siku hiyohiyo. Wewe hujui kudanganya, Gathoni, tangu sufuria. Na yule mtoto naye alisema haraka sana."

"Na ukakunywa."

Ajuza alitazama mikono yake, ile mikono mizima, yenye nguvu.

"Niliapa ningemaliza," alisema. "Niliamini, na hata sasa siwezi kukuambia siamini. Lakini nilikuwa na njaa. Siku tisa, Gathoni. Ile uji ilikuwa inanukia, na nilikuwa natafuta tu mtu wa kuniambia nikunywe."

Maumivu yalimjia Gathoni yote pamoja, ya nywele, ya sauti, ya Muriithi, ya macho, ya kikombe cha chai mlangoni, na ya mama yake aliyekaa hapo miaka minne na njaa ile akilini. Alipiga magoti sakafuni, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, akalia kwa sauti mpaka wanawake wa uani wakaja mlangoni na sahani zao. Walimwona, wakaambiana kwamba afadhali sasa analia, anamlilia mtoto wake, wakawaachia nafasi.